Mtani wa Wodi ya Wanawake

Nililazwa hospitali miezi saba kwa ajili ya kifua, na huko ndiko nilikosoma. Shule nyingine sikupata, zaidi ya darasa la nne la kule Zirai nilikozaliwa, ambako baba yangu, Mzigua wa Handeni, alifika kutafuta kibarua cha shamba, akaoa na kusahau kurudi kwao. Miezi saba ni mingi. Kila asubuhi sindano, kila asubuhi kikohozi, na katikati huna la kufanya ila kutazama. Nilitazama mpaka nikajua mambo ya pale yanavyokwenda. Nilijua kwamba daktari hupita wodini Jumanne na Ijumaa, na akikukuta umelala umemkosa mpaka safari nyingine. Nilijua kwamba lile faili linalotundikwa miguuni mwa kitanda ni habari zako wewe, na ukiuliza kilichoandikwa, muuguzi mwenye roho nzuri atakusomea. Nilijua pia kwamba mgonjwa anayejibu "sijambo, bwana mganga" huku anaumwa, hupewa ruhusa akafie nyumbani.

Jina la hospitali nitaliacha. Ilikuwa milimani kwetu, upande huu wa Lushoto, na wengi waliofanya kazi pale walikuwa watu wema waliochoka. Ilikuwa miaka ya mwanzo ya sabini. Vijiji vya ujamaa vilikuwa vinaandikishwa, kila mtu alikuwa ndugu, na kwenye ubao wa matangazo waliandika kwamba hospitali ni mali ya wananchi. Mwananchi mwenyewe alipofika alikaa kwenye benchi, akavua kofia, akasema ndiyo kwa kila alichoulizwa.

Nilipopona nilirudi Magamba kwa mume wangu, Msambaa, mfanyakazi wa misitu. Haikupita wiki, jirani akaja na mtoto mgongoni akaniomba nimsindikize hospitali, kwa kuwa mimi napajua. Nikaenda. Baada ya huyo akaja mwingine, na mwingine. Hakuna aliyenichagua wala kunipa cheo. Siku hizi nasikia kazi ya kumsemea mgonjwa ina jina lake na semina zake, na watu wanapewa vitambulisho vya kuvaa shingoni. Yangu haikuwa na jina. Watu walisema tu, mchukue Mzigua.

Na Uzigua ndio uliokuwa kitambulisho changu. Sisi na Wasambaa ni watani. Mtani anaweza kumwambia mzee wa watu maneno ambayo mwanawe akiyasema atalaaniwa, na mzee anatakiwa acheke. Ukimkasirikia mtani, aibu ni yako. Msibani mtani hujilaza njiani akazuia maiti isipite mpaka wafiwa wamkomboe kwa kitu, na mtani huyohuyo ndiye anayeitwa kufanya zile kazi ambazo ndugu wa damu hawaziwezi, kama kuchimba kaburi. Basi mimi nilikuwa mtani wa kijiji kizima. Nilikuwa nikisimama kando ya kitanda nasema, "Bwana mganga, huyu amekuambia hajambo, lakini Wasambaa ni waongo toka zamani, mtazame vizuri." Daktari, ambaye alikuwa mtu wa bara mbali na hakujua utani wetu vizuri, alicheka kwa kuwa wengine walicheka, akamtazama upya. Mgonjwa alicheka pia, na ugonjwa wake ukaonekana, na hakuna aliyevunjiwa heshima. Nilijiona hodari sana. Nasema hivyo ili ijulikane nilipojikwaa.

Karibu na kwangu aliishi mjane mmoja, bibi mrefu mkimya, Mlutheri, aliyepanda viazi na maharage kwenye ngazi za shamba alizochimba mwenyewe mlimani. Alikuwa na kisukari, na kisukari kikamletea kidonda mguuni. Mwanzo kilikuwa kidogo cha kufunga kwa kitambaa. Baada ya masika mawili kilikuwa kinanuka. Sisi majirani tulijifanya hatusikii harufu, jambo ambalo ni adabu, na tulijifanya tuna haraka kila tulipopita mlangoni kwake, jambo ambalo sijui niliite nini. Mwisho wanawe walimbeba kwa machela mpaka hospitali, na yeye akasema mimi niwepo.

Alikuwa na wana wawili. Mkubwa alikuwa mzee wa kanisa na katibu wa kijiji, mtu wa kuandika kila neno. Mdogo alifanya kazi msituni pamoja na mume wangu. Walimpenda mama yao, sina la kuwasengenya hapo. Lakini kwa adabu za kwetu mtoto wa kiume hautazami mwili wa mama yake, na kila muuguzi alipokuja kufungua bendeji, wale wanaume wawili waligeuka wakatazama ukuta. Tangu siku ya kwanza hakuna kati yao aliyekiona kidonda.

Jumanne asubuhi daktari alipita. Aliutazama mguu, akaubonyeza, akasema lazima ukatwe chini ya goti, na ukatwe upesi kabla haijawa juu ya goti. Akamwuliza bibi kama amekubali. Bibi akasema, ndiyo, bwana mganga. Daktari akaandika.

Alasiri wana wakaja. Ukoo ulikuwa umeshakaa, baba mdogo akiwamo, na uamuzi ni kwamba mama hakatwi. Ijumaa watakuja na machela wamrudishe nyumbani, atafungwa dawa za majani. Mkubwa alimweleza hayo amesimama wima, kofia mkononi, akamwuliza kama amesikia na amekubali. Bibi akasema, ndiyo, baba. Basi kwenye faili amekubali kukatwa, na kwenye daftari la mwanawe amekubali kutokatwa, na saa zilizopita katikati ni sita tu. Zote mbili zilikuwa adabu. Mtu mzima wa kwetu hamkatalii aliyesimama mbele yake na kalamu.

Na mimi nilikuwa pale. Katika ile miezi yangu saba kitanda cha jirani alilala binti mmoja mcheshi, tukapiga hadithi naye usiku na mchana. Siku moja wakampeleka kwenye chumba cha upasuaji, na kilichorudi ni muuguzi na shuka safi za kutandika. Tangu hapo nikisikia neno kukatwa, naziona zile shuka. Kwa hiyo wana walipomaliza kusema, mimi nikadakia mbele ya wodi nzima. Nilisema mguu huu haukatwi ng'o, maana Wasambaa wakianza kukatwa miguu, sisi Wazigua tutamtania nani, mabua ya mahindi? Wodi ikacheka. Wana wakacheka, mkubwa akanishika mkono kunishukuru. Bibi akacheka pia, kiganja kimefunika mdomo. Nilipanda mlima kurudi nyumbani nimeridhika kabisa. Nilijua nimemsemea.

Jumatano nilimpelekea uji. Aliomba nimsaidie kutoka barazani, kwenye jua, mbali na vitanda vya wenzake. Alikunywa uji nusu, akaweka kikombe chini, akanitazama.

"Yale maneno ya jana," akasema, "yalikuwa ya nani?"

Nikasema, "Si yako, bibi?"

"Uliniuliza lini?"

Nilitafuta siku niliyomwuliza, sikuiona. Niliona haya mpaka masikio yakawa ya moto, na baada ya haya zikaja hasira, kama kawaida yangu. Nikamwuliza kwa ukali kwa nini hakusema. Alisema ndiyo kwa daktari, ndiyo kwa wanawe, akacheka na mimi, sasa anataka nani ajue?

Hakukasirika. Alisema watu wengi wamemwuliza, lakini hakuna aliyemwuliza akanyamaza kungoja. Kisha akaniambia anachotaka, kwa maneno machache, anatazama mlima wa ng'ambo. Alitaka mguu ukatwe. Kufa hakukumwogopesha hivyo, alishazeeka. Ila alikuwa amechoka kunuka. Alisema kanisani hukaa benchi la mwisho karibu na mlango, peke yake, na wanawake wenzake aliokua nao, aliobatizwa nao, kila Jumapili wana sababu mpya ya kukaa mbele. Ndoo ya maji imemwagika pale. Watoto wanataka kuona kwaya. Alitaka kukaa tena katikati ya benchi la wanawake, apigwe kiwiko mtu akitaka nafasi. Kwa mguu mmoja au kwa miwili, kwake ilikuwa mamoja.

Mimi pia nilikuwa mmoja wa wale wenye haraka mlangoni kwake. Hakulisema, nami sikulisema.

Alhamisi asubuhi nilikwenda kwa mwana mkubwa. Nilimkuta kwenye ofisi ya kijiji, mdogo wake yupo, na wajumbe wawili. Nikamwambia kwa utaratibu, bila mzaha hata kidogo, kwamba mama yao anataka kukatwa mguu, ameniambia mwenyewe. Walitazamana, wakaangua kicheko. Mdogo akasema Jumanne mtani alitaka mguu ubaki, Alhamisi anataka uondoke, Jumapili atadai na kichwa. Nikaapa. Wakacheka zaidi, maana mtani anayeapa ndiye mtamu. Nikakasirika, nikapiga meza. Mjumbe mmoja alilia kwa kucheka, akasema huyu Mzigua angezaliwa mwanamume angekuwa mbunge. Nilitoka pale bila kuaga. Miaka yote hiyo utani ulikuwa unanifungulia milango, na siku hiyo niliyokuja na neno la kweli, mlango huohuo ulinifungia.

Nikateremka kwa daktari. Alikuwa anakula ndizi amesimama. Alinisikiliza, akasema yeye hana ubishi na mguu, ana ubishi na watu. Mgonjwa amesema ndiyo, ndugu wamesema hapana, mgonjwa akaambiwa hapana hiyo akasema ndiyo tena. Amkate, kesho ukoo uje kusema amemkata mama yao kwa nguvu? Hawezi. Mgonjwa na wanawe wasimame mahali pamoja waseme jambo moja, yeye yuko tayari hata kesho. Akaongeza kwamba wakimrudisha nyumbani, nisitegemee kumwona tena. Wiki moja, labda mbili. Alisema hivyo bila ubaya, akaenda kutupa ganda.

Usingizi wa siku ile sikuupata. Mume wangu alisema nimefanya nililoweza, nilale. Ni mtu mpole, lakini hapo alinikera, kwa kuwa nilijua nililofanya: nilimsemea mtu ambaye sikumwuliza, na neno langu likamfungia njia. Nikawaza kwamba kama watu hawa hawanisikii ila kwa utani, basi utani nitawapa, tena ule mzito, ambao hauchekwi.

Ijumaa saa nne walikuja. Wana wawili, baba mdogo, na vijana wa kubeba, na machela ya miti na mablanketi. Wodi ya wanawake ilikuwa na mlango mmoja tu. Bibi alikuwa ameshavalishwa gauni lake la kanisani, ameketi kitandani, macho chini. Nilingoja wavuke waingie wote ndani. Kisha nikajifunga kanga kichwani kama mfiwa, nikajilaza chali juu ya kizingiti, miguu nje, kichwa ndani, nikaanza kulia kilio cha msiba.

Nililia vizuri, najua. Nilimtaja marehemu kwa sifa zake zote, jinsi alivyochimba ngazi za shamba, jinsi alivyopanda viazi na maharage, jinsi alivyotuacha. Muuguzi alisimama na trei mkononi. Vijana walicheka kidogo wakaacha, kwa kuwa hakuna aliyewafuata. Mwana mkubwa alikuja akasimama juu ya kichwa changu.

"Mtani, unafanya nini? Mama ni mzima."

Nikamwambia mimi ni Mzigua na nimekuja kuzuia maiti. Wanayembeba anakwenda kuzikwa, wao wanajua, mimi najua, daktari anajua, tofauti ni kwamba bibi atazikwa akiwa anapumua wiki mbili za mwanzo. Haki yangu ya kuzuia wanaijua. Wasiponikomboa, nitalala hapa mpaka Krismasi.

Hilo si jambo la kupita juu yake. Mtu anayemruka mtani aliyezuia maiti hajulikani kwetu; sijui angefanywaje, maana sijawahi kumwona. Baba mdogo, aliyezijua mila kuliko wote, alivua kofia akaniuliza kwa heshima nataka nini. Akaingiza mkono mfukoni. Nikamwambia arudishe mkono wake. Nilitaka kitu kimoja: mwana mkubwa amwulize mama yake anachotaka, mbele yetu, kisha anyamaze mpaka ajibiwe.

Mkubwa alishusha pumzi, akamgeukia mama yake. "Mama, si tunakwenda nyumbani?"

Nikapiga sakafu kwa kiganja. "Hapo hujamwuliza. Umemjibia. Anza tena."

Alinitazama kwa hasira, ya kweli, na nilifurahi kuiona. Kisha akamtazama mama yake, na nadhani ilikuwa mara ya kwanza wiki ile kumtazama usoni. Akasema, taratibu, "Mama. Wewe unataka nini?"

Mdogo alifungua mdomo, nikamnyooshea kidole, akaufunga. Huko nje mtu alikuwa anapasua kuni za jiko la wasindikizaji, nilihesabu mapigo kumi na kitu. Mimi mwenyewe nilikuwa najua jibu, nilishalibeba siku mbili, na ilinibidi niume ulimi nisilitoe. Kulala pale kimya ndiyo kazi ngumu niliyowahi kufanya katika kusemea watu.

Bibi hakusema kwanza. Alilivuta blanketi likaanguka chini, akalipandisha gauni lake la kanisani mpaka katikati ya muundi, akaanza kuifungua bendeji mwenyewe. Muuguzi alitaka kumsaidia, akamkataza kwa mkono. Wana waligeuka ukutani kama desturi.

"Tazameni," akasema.

Hawakuthubutu.

"Nimewaambia mimi mama yenu. Tazameni."

Wakageuka wakatazama. Sitauelezea ule mguu. Mdogo alikaa chini sakafuni, machozi yanamtoka. Mkubwa alibaki amesimama, kofia inazunguka vidoleni.

"Nataka ukatwe," bibi akasema. "Nyinyi hamkutaka kwa sababu hamjauona, na kwa sababu nyingine ambayo mnaogopa kuitaja. Mimi pia naiogopa. Wakishaukata wanautupa wapi? Kule nyuma kuna shimo wanachomea taka, nimeliona. Mguu wangu hauendi shimoni. Ukazikwe nyumbani, karibu na baba yenu, mimi nitaufuata nikiwa tayari. Na auzike huyu Mzigua, maana ndiye mwenye mdomo."

Hilo la shimo sikulijua. Barazani hakuniambia, nami nilidhani nimeshapata yote. Nilikuwa nimelala pale nangoja jibu ninalolijua, na lililokuja lilikuwa kubwa kuliko nililolibeba. Nikamtazama mwana mkubwa, nikaona uso wake umelegea, amekuwa kijana. Akasema kwa sauti ndogo kwamba hilo ndilo lililoukalisha ukoo ile Jumanne. Mama hawezi kuzikwa pungufu. Lakini nani angekwenda kumwuliza daktari msomi habari za shimo la taka?

Daktari alikuwa mlangoni muda wote huo, ni siku yake ya kupita, ameshindwa kuingia kwa sababu ya mwili wangu. Baba mdogo akamwuliza kwa adabu nyingi, kwa kuzunguka sana, kama inawezekana ukoo kupewa mguu wao. Daktari akasema inawezekana, mbona. Ni wa kwao. Miaka mitatu yuko pale, hakuna mtu aliyewahi kumwuliza.

Nikaamka kizingitini, nikakung'uta kanga. Mgongo uliniuma siku mbili.

Walimkata Jumamosi asubuhi. Saa sita muuguzi alinikabidhi mguu umefungwa kwenye shuka kuukuu, na mimi nikaulaza kwenye tenga langu la mboga, nikaweka majani ya kabichi juu, nikajitwika. Ulikuwa mzito. Sikutegemea uzito ule kutoka kwa bibi mwembamba. Nilisema moyoni kwamba nikianguka hapa na mguu wa watu, aibu yake haitaoshwa na mvua ya masika yote.

Ilikuwa siku ya soko. Wanawake wote walikuwa wanateremka na matenga yao, mimi peke yangu napanda na langu limejaa, na hilo linashangaza watu. Kila niliyekutana naye, baada ya salamu, aliniuliza leo napandisha nini. Nikawajibu ukweli, kwamba ni mguu wa bibi wa Magamba, nakwenda kuuzika. Wote walicheka. Mmoja aliniambia Wazigua hatutakuja kuacha. Nikapanda na ukweli wangu kichwani mpaka juu, bila mtu mmoja kuuamini.

Nilichimba mwenyewe, kwa jembe la bibi, pembeni mwa kaburi la mumewe kwenye migomba. Mwana mkubwa alisimama na kitabu cha sala, akakifungua, akakosa ukurasa unaofaa, akakifunga. Aliomba Baba Yetu tu. Nilifukia, nikaweka jiwe jeupe juu. Mume wangu alikataa kula ugali wangu mpaka niliponawa mara tatu mbele yake.

Bibi alipona. Fundi seremala alimchongea magongo mawili, na kuanzia mavuno yale alikuwa anapelekwa kanisani juu ya punda wa jirani. Mimi Mkristo wa Zirai nilizembea sana ibada, lakini Jumapili ya kwanza nilikwenda makusudi, nikachelewa, nikakuta benchi la wanawake limejaa na yeye yuko katikati. Nikamsukuma kwa kiwiko anipishe. Akanisukuma na yeye. Nilifurahi, sina neno jingine la kusema.

Niliendelea kusindikiza wagonjwa miaka mingi. Sikuacha utani, lakini nilikuwa nafika kitandani mapema, kabla ya ndugu na kabla ya daktari, nakaa chini na kuuliza, halafu nanyamaza. Wengine walichukua nusu saa. Mmoja alichukua siku mbili.

Bibi aliishi miaka tisa zaidi. Alikufa kwa homa, kitandani kwake, wakati wa vuli. Nilifika msibani na kanga yangu kichwani, na watu waliponiona walianza kutabasamu katikati ya machozi, wakajua mtani amekuja. Walipoinua jeneza kutoka uani kwenda migombani, nikafanya desturi yangu. Nikajilaza njiani. Jeneza likasimama. Watu wakangoja nidai kitu cha kuchekesha, kama ilivyo haki yangu. Mwana mkubwa, kichwa chake kimeshakuwa cheupe, akaja akasimama juu yangu kama siku ile.

"Mtani, unataka nini?"

Nilikuwa nimetayarisha maneno mengi, yakapotea. Nikasema, "Nataka kujua mnamlaza upande gani wa mumewe. Mlimwuliza?"

"Tulimwuliza," akasema. "Mwezi uliopita, mimi na mdogo wangu. Tulikaa naye mpaka akajibu. Kasema upande wa mguu wake, palipo na lile jiwe lako."

Nikaamka, nikawapisha njia.